Insha za gredi ya 8 zisomwe nje ya darasa: nitumie chombo gani, na intaneti yetu ni ya kuvizia?

Mwalimu wa Langoni

Assalaam aleikum waungwana.

Nafundisha Kiswahili gredi ya 8 hapa Lamu mjini, darasa la wanafunzi 42. Shule ina kompyuta mbili za mkononi, projekta moja, na Wi-Fi ya ofisini isiyofika darasani. Simu tunaweza kupata kama kumi hivi, za walimu na za wazazi wanaokubali kuziazima. Nyumbani wapo watoto wanaoachiwa simu jioni, na wapo ambao nyumba nzima haina simu janja.

Shida yangu ni hii: mtoto anaandika insha, naisahihisha kwa wino mwekundu, anaangalia alama, daftari linafungwa. Harudi kuiandika upya, kwa sababu msomaji wake ni mmoja na keshasoma. Nataka kazi zao zitoke mtandaoni, wazisome wazazi, wenzao wa Shela na Matondoni, na jamaa walioko Mombasa au Ughaibuni.

Naomba mnisaidie kwa haya. Blogger, WordPress au Google Docs? Nitafanyaje darasani bila intaneti? Na wengi wao wanapenda mashairi, tena baadhi huandika Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, hasa cha nyumbani. Nikiyaweka kwenye simu mishororo inavunjika ovyo na simu inabadilisha maneno. Tena kuna suala la majina na picha za watoto, hilo linanitia wasiwasi kuliko yote.

---

Mhariri Malindi

Wa aleikum salaam maalim. Kabla ya majina ya programu, weka kipimo kimoja: chombo kinachokufaa ni kile kinachomsimamisha mwanafunzi kati ya rasimu na kuchapisha. Akiweza kubonyeza mara moja na kazi ikatoka, atabonyeza, na wewe utakuwa umehamisha daftari tu ukaliweka kwenye kioo. Kuandika kunafunzwa na kurudia, na mtoto atarudia kwa moyo akijua kuna wasomaji wanaomngoja na kwamba kazi yake bado haijapita.

Kwa kipimo hicho Blogger haitoshi. Ni ya bure, nyepesi kwenye simu, na blogu moja inabeba hadi watu 100. Lakini kwa wanaoandika ina ngazi mbili tu, msimamizi na mwandishi, na mwandishi anachapisha mwenyewe bila kukungoja. WordPress ina ngazi ya mchangiaji, ambayo kwenye menyu ya Kiingereza imeandikwa Contributor. Mchangiaji anaandika, anahifadhi, anawasilisha ili ikaguliwe, na mamlaka yake yanakomea hapo. Hawezi kuchapisha, hawezi kupandisha picha, na kazi ikishatoka hawezi kuigusa tena. Hili la mwisho ulijue mapema: mwanafunzi akigundua kosa baada ya kuchapishwa, ni lazima wewe uirudishe kazi kwenye hali ya rasimu ndipo aweze kuifungua. Usikimbilie kuwapa ngazi ya mhariri ili kupunguza kazi hiyo. Mhariri anaweza kuchapisha na kufuta kazi ya mtu yeyote, na utani wa watoto wa miaka 13 unaujua.

Google Docs iwe ya kabla ya WordPress, mahali pa kurekebishia. Mfungulie mwenzake kwa hali ya kupendekeza, ile ambayo kila badiliko linabaki na rangi mpaka mwenye kazi alikubali au alikatae. Hapo uamuzi unabaki kwa mwandishi, na ndivyo inavyotakiwa. Tumia pia historia ya matoleo: mwanafunzi aipe kila hatua jina, "Rasimu ya kwanza", "Baada ya kusomewa na mwenzangu", "Ya mwisho". Ukitaka kutoa alama, toa sehemu ya alama kwa tofauti kati ya toleo la kwanza na la mwisho. Historia hiyo hiyo inakusaidia kwenye kazi za kunakili: insha iliyoandikwa inaonekana ikikua kwa vipande, iliyonakiliwa inatokea nzima kwa mara moja. Hilo peke yake si ushahidi, maana huenda aliiandika kwanza daftarini au kwenye programu nyingine ya simu. Muite, muulize kwa nini alichagua mwanzo ule na neno fulani maana yake nini. Aliyeandika atakujibu.

Sasa ratiba, kwa sababu hapa ndipo mipango mingi hufia. Wanafunzi 42 ukiwataka wote wachapishe wiki moja, utasoma rasimu 42 usiku, utachoka, na wiki ya tatu blogu itakuwa imekufa. Wagawe makundi 6 ya watu 7. Kila wiki kundi moja linachapisha, makundi mengine yanasoma na kutoa maoni. Kwa wiki 12 kila mtoto atakuwa amechapisha mara mbili, na wewe unasoma kwa kina kazi 7 tu kwa wiki.

Kundi lililo zamuni liandike rasimu ya kwanza daftarini Jumatatu, kwa kalamu. Msiruke hatua hii. Anayeanza kuchapa kwa simu hupata kama maneno 10 kwa dakika, kwa hiyo insha ya maneno 300 inamla nusu saa, na kipindi chenu ni dakika 40. Akifikiria na kuchapa kwa wakati mmoja hatamaliza. Jumanne wasomeane kwa sauti wawili wawili. Msomaji awe yule mwingine, si mwenye insha, maana mwenye insha husoma alichokusudia badala ya alichoandika. Panapomkwaza msomaji, mwandishi anatia alama pembeni. Jumatano wachape. Alhamisi unaweka maoni yako, wanarekebisha na kuwasilisha. Ijumaa asubuhi unachapisha kabla ya watu kwenda msikitini, na wasomaji wana mwisho wa wiki mzima.

Maoni yako yasizidi matatu kwa kila kazi: moja la maudhui, moja la mpangilio, moja la lugha. Kwenye lugha chagua kosa linalojirudia, kwa mfano upatanisho wa kisarufi, onyesha mahali pa kwanza tu na umwambie yako mengine manne ayatafute. Ukiyasahihisha yote wewe, umejifunza wewe.

Maoni ya wanafunzi nayo yanahitaji kufundishwa. Ukiwaacha utapata "kazi nzuri" mara arobaini. Waambie kila maoni yawe na vitu vitatu: sentensi moja iliyonukuliwa kutoka kwenye kazi, swali moja la kweli ambalo msomaji angependa kujibiwa, na pendekezo moja. "Umeandika 'jahazi lilisukwasukwa'. Nahodha alifanya nini wakati huo? Ungetuonyesha mikono yake." Mwandishi akipata maoni matatu ya namna hii, ana la kufanya. Kila mwanafunzi wa yale makundi mengine akitoa maoni kwenye kazi mbili kwa wiki, hayo ni maoni 70 kwa kazi 7, yaani 10 kwa kila kazi. Yanatosha kabisa, usidai zaidi.

Kwenye mipangilio ya majadiliano washa ile ya kwamba kila maoni lazima yaidhinishwe na wewe kwanza. Usiiache hata siku moja.

---

Fundi wa Mitambo

Mwalimu, kuhusu darasa lisilo na intaneti: WordPress inaweza kukaa ndani ya kompyuta yako ya mkononi, na simu zikaisoma kwa Wi-Fi ya darasani bila kifurushi hata cha shilingi moja.

Pakua XAMPP, programu inayoiwezesha kompyuta kubeba tovuti, siku ukiwa ofisini. Ndani yake mna Apache, hifadhidata ya MariaDB na PHP, vyote vitatu ambavyo WordPress inavihitaji. Isakinishe, washa Apache na hifadhidata, tengeneza hifadhidata tupu, weka faili za WordPress kwenye folda ya htdocs, kisha fungua kivinjari ufuate maelekezo. Kufika hapo ni rahisi. Yanayowasumbua watu yanakuja baadaye, nitayataja kwa mpangilio yanavyojitokeza.

La kwanza ni idadi. Wi-Fi inayorushwa na Windows yenyewe inapokea vifaa 8 tu, cha tisa kinakataliwa bila maelezo ya maana. Una simu kumi, kwa hiyo tafuta ruta ya kawaida, hata iliyotumika. Haihitaji laini wala intaneti, kazi yake ni kuunganisha vifaa tu. Kompyuta iipe anwani isiyobadilika ndani ya mtandao huo, tuseme 192.168.1.10. Ukiiacha ijipangie, kesho itakuwa na anwani nyingine na viungo vyote vitakufa.

La pili: ukisakinisha WordPress kwa kuandika localhost, yaani "kifaa hiki hiki", yenyewe inakariri kwamba makazi yake ni localhost. Simu ya mwanafunzi itafungua ukurasa wa kwanza vizuri au bila rangi, akibonyeza kiungo simu inajitafuta yenyewe na kusema ukurasa haupatikani. Ingia kwenye mipangilio ya jumla, sehemu zote mbili za anwani ya tovuti andika http://192.168.1.10 pamoja na jina la folda yako.

La tatu, ngome ya Windows (firewall). Mara ya kwanza Apache inapowaka inauliza kama iruhusiwe. Wengi hufunga kidirisha kile bila kusoma, kisha kompyuta inafungua tovuti lakini simu hazifungui. Ruhusu mtandao binafsi na wa umma pia, maana Windows mara nyingi huuweka mtandao mpya kwenye kundi la umma.

La nne ni simu zenyewe. Simu ikigundua Wi-Fi haina intaneti huihama kimyakimya na kurudi kwenye data. Mwanafunzi anaona jina la Wi-Fi lakini ukurasa haufunguki. Zima data ya simu kabla ya kipindi, na simu ikiuliza kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti, kubali.

Akaunti utazitengeneza wewe kwenye ukurasa wa watumiaji. WordPress inadai barua pepe tofauti kwa kila mtu, na watoto wako hawana. Kama shule ina anwani ya Gmail, ongeza alama ya kujumlisha na namba kabla ya alama ya @, mathalani jinalashule+g8-01, jinalashule+g8-02 na kuendelea. WordPress inaziona ni 42, Gmail inazipokea zote kwenye sanduku moja. Nywila ziandike kwenye daftari linalokaa kwako, maana zitasahauliwa kila wiki.

Na kila Ijumaa toa nakala: folda ya htdocs pamoja na hifadhidata, weka kwenye flashi inayokaa ofisini. Chumvi ya Lamu haina huruma na kompyuta.

---

Ukwapi na Utao

Nimefurahi kuona mashairi yameulizwa, maana kwenye mafunzo mengi ya blogu hayatajwi kabisa.

Kuvunjika kwa mishororo kuna sababu mbili tofauti, usizichanganye. Sababu ya kwanza ni kitufe cha kuingiza mstari mpya. Kwenye kisanduku cha aya cha WordPress, ukibonyeza kitufe hicho unapata aya mpya yenye nafasi juu yake, kwa hiyo ubeti wa mishororo minne unatoka kama aya nne zilizotawanyika. Kwenye kompyuta unashikilia Shift ukibonyeza. Kwenye simu hakuna njia hiyo, kwa hiyo tumia kisanduku maalumu cha mashairi, ambacho menyu imekiita Verse. Ndani yake mstari mpya ni mstari mpya tu, na nafasi unazoziacha mwanzoni mwa mshororo zinahifadhiwa.

Sababu ya pili ni upana wa kioo. Utenzi hauna taabu, mizani 8 inakaa kwenye simu yoyote. Tarbia, shairi la mishororo minne kwa ubeti, ndiyo inayoumia: mizani 16 ni herufi arobaini hivi, kioo kinajaa kabla ya mwisho, na neno moja la utao, nusu ya pili ya mshororo, linaangukia mstari wa chini peke yake. Msomaji anapoteza kina cha kati na cha mwisho kwa pamoja. Watu hujaribu jedwali lenye safu mbili. Kwenye simu jedwali hujibana na maneno yakasimama moja juu ya jingine, au safu ya pili ikatoka nje ya kioo. Liache. Vunja mwenyewe kwenye kituo cha mshororo, utao uusogeze ndani kwa nafasi nne:

Bahari ya kwetu Lamu,
    ina siri na hazina

Ubeti unakuwa mistari minane, lakini vina vyote viwili vinaonekana wazi, na mwanafunzi mwenyewe ataona mara moja kipande kilichopungua mizani. Mwambie ahesabu silabi kwa vidole kwanza, kisha achape.

Kuhusu Kiamu, hapa nina neno zito kidogo. Usikiondoe. Kuna tungo ambazo ukizisanifisha unazivunja. Mtoto ametia kina cha -ti: wakati, kiti, nti. Simu au mwenzake akibadilisha "nti" kuwa "nchi", mizani imebaki ileile lakini kina kimekufa, na mwalimu asiyejua atamkata alama kwa kosa ambalo si lake. Utenzi ulikulia kwenye lahaja hii. Mtoto wa Langoni anapoandika mai, moya, yana, nde, kitwa, anatumia ala ileile ya waliomtangulia.

Kanuni inayofanya kazi: insha za masimulizi na maelezo ziwe Kiswahili sanifu, kwa sababu ndicho anachotahiniwa, mazungumzo ya wahusika na tungo zinaruhusiwa kuwa Kiamu, kwa sharti kwamba mwandishi aweke faharasa chini ya kazi. Maneno matano hadi kumi yanatosha: "mai: maji. Nti: nchi. Kuteka: kucheka." Faharasa hii ina faida mbili. Jamaa wa Mombasa anaelewa, na mtoto analazimika kujua lipi la lahaja na lipi sanifu, jambo ambalo kalamu nyekundu pekee halimfundishi.

Simu kubadilisha maneno: kwenye Gboard, ile kibodi ya Google, ongeza kibodi ya Kiswahili, kisha uzime marekebisho ya moja kwa moja. Kuongeza Kiswahili peke yake hakutoshi kwa anayeandika Kiamu. Kwenye Google Docs weka lugha ya hati iwe Kiswahili, la sivyo kila neno litapigiwa mstari mwekundu na watoto watazoea kuipuuza ile mistari hata inapokuwa na maana. LibreOffice, programu ya kuandikia kwenye kompyuta, ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili, nayo pia itaona Kiamu chote ni makosa, kwa hiyo iwe ya insha tu.

Kama unaweza, rekodi utungo ukighaniwa na mtunzi wake. Sauti ya MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde ni kama nusu MB kwa dakika, haielemei. Kasoro za mizani ambazo jicho halizioni, sikio linazishika.

---

Mwalimu wa Langoni

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Ruta nitaitafuta wiki hii. Nina mawili zaidi. Kwanza, kazi zikiwa kwenye kompyuta ya darasani, nitazifikishaje mtandaoni wazazi wazione? Na mnisaidie kuhusu idhini. Fomu iseme nini, na picha za watoto niweke au nisiweke?

---

Bi Mlezi

Mwalimu wangu, picha za sura za watoto usiweke. Nitakueleza sheria kwanza kisha fomu.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ni ya 2019, na kifungu cha 33 kinahusu watoto: huwezi kushughulikia taarifa za mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi, na hata ukiwa na idhini lazima iwe kwa namna inayolinda haki na maslahi ya mtoto. Mtoto ni aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo darasa lako lote limo. Si sheria ya makaratasi tu. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Idhini ya jumla inayosainiwa siku ya kusajili mtoto haitoshi kwa jambo hili. Andika fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili anachokizungumza mzazi, na utenganishe mambo: maandishi ya mtoto, sauti yake, picha ya kazi yake. Kila moja liwe na kisanduku chake cha ndiyo na hapana, ili mama anayekubali shairi lisomwe asilazimike kukubali na sauti. Taja anwani ya blogu, nani ataweza kuisoma, kazi itakaa muda gani, na kwamba mzazi au mtoto akitaka iondolewe itaondolewa ndani ya siku saba bila kuulizwa sababu. Weka nafasi ya saini ya mzazi, na chini yake ya mtoto mwenyewe. Kazi ni mali ya mtoto aliyeitunga, mwulize na yeye. Mzazi asiyesoma someeni fomu pamoja, msimpe tu kalamu.

Atakayekataa asitengwe. Kazi yake ipite hatua zilezile, isomwe darasani kwenye mtandao wa ndani au ibandikwe ukutani, na alama zake zisipungue.

Majina: tumieni lakabu. Washairi wetu wamekuwa wakitumia lakabu tangu zamani, watoto watafurahi kujichagulia. Mzazi ataijua lakabu ya mwanawe, mgeni hataijua. Daftari la lakabu na majina halisi likae na wewe, lisiingie kwenye kompyuta yenye blogu. Soma pia yaliyomo kwenye insha. Mtoto akieleza nyumba yao iko nyuma ya msikiti gani, baba anasafiri siku zipi na yeye mwenyewe hurudi kutoka shule kwa njia ipi, ametoa zaidi ya jina. Mfundishe kubadilisha.

Ukitaka picha, piga michoro yao, ngalawa, milango, mikono inayofuma mkeka. Lakini picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida taarifa hiyo huondolewa na ukubwa hupungua. Ukiituma kama hati vyote hubaki. Kwa hiyo jitumie kama picha, kisha tumia hiyo iliyopokewa. Na kumbuka uzito: insha ya maneno 400 ni kama KB 3, picha ya kamera ya simu ni MB 4. Picha moja inakula kifurushi cha mzazi kuliko insha elfu moja.

---

Mwalimu wa Chekechea na Msingi

Naongeza kidogo kwa wenye madarasa ya chini watakaosoma hapa. Kwa gredi ya 1 hadi ya 4 blogu ni nzito mno. Tumieni African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini ulioanza 2014. Kuna hadithi nyingi za Kiswahili, na kuna hazina ya michoro ambayo mnaichagua, mnaandika sentensi moja au mbili kwa kila ukurasa, na kitabu kinaweza kupakuliwa na kuchapwa. Darasa zima linatunga kitabu kimoja kwa pamoja ubaoni, mwalimu anachapa. Jambo moja la kuwaeleza wazazi: kinachochapishwa hapo kinatoka kwa leseni huria, mtu yeyote anaweza kukitafsiri au kukibadilisha akitaja kilikotoka, na leseni hiyo ikishatolewa hairudishwi kwa waliokwisha kuchukua kitabu.

---

Fundi wa Mitambo

Narudi kwa swali la kuhamisha, mwalimu.

Fungua blogu ya pili ya WordPress mtandaoni, ya bure inatosha kwa kuanzia. Shule ikitaka jina lake baadaye, kikoa cha shule za Kenya kinaishia .sc.ke. Kwenye kompyuta ya darasani nenda kwenye zana, chagua kusafirisha, uchague machapisho tu na mwezi huo. Utapata faili moja dogo la XML. Kwenye blogu ya mtandaoni chagua kuingiza, uipe faili hilo. Maandishi yote yatakuja, pamoja na tarehe.

Picha hazitakuja. Faili lile halibebi picha, linabeba anwani zake tu, na blogu ya mtandaoni haiwezi kufika 192.168.1.10 iliyo ndani ya darasa lako. Utaona visanduku vitupu. Pandisha picha kwa mkono, na kwa kuwa mchangiaji haruhusiwi kupandisha picha, zote tayari ziko kwako. Angalia pia majina ya waandishi wakati wa kuingiza: blogu inauliza kila kazi ipewe mwandishi gani. Zipe zote akaunti moja ya darasa, na lakabu iwe imeandikwa mwishoni mwa kazi yenyewe. Hivyo huhitaji akaunti 42 mtandaoni, na hakuna mtoto anayehitaji kuingia huko kwa jina lake.

Maoni ya wasomaji wa nje yarudishe darasani. Yanakili Jumatatu, yaonyeshe kwa projekta, mwandishi achague moja la kujibu, wewe umchapie jibu lake.

Na kwa nyumba zisizo na simu, toa kijitabu. Kurasa za A5 zikunjwe kutoka A4. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne, kwa hiyo kurasa 16 ni karatasi 4. Kazi saba za wiki zinaenea hapo, kila moja kurasa mbili, zikibaki mbili za jalada. Kwenye LibreOffice chagua kuchapa kwa muundo wa brosha, nayo itapanga kurasa yenyewe, ukurasa wa 1 na wa 16 zikae upande mmoja. Kama printa yenu haigeuzi karatasi, chapa upande wa mbele kwanza, rudisha karatasi, kisha wa nyuma. Jaribu kwa karatasi moja kabla ya kumaliza wino, kwa sababu printa nyingine zinataka karatasi zigeuzwe kichwa chini. Ikiwa inageuza yenyewe, iambie igeuze kwa ukingo mfupi, la sivyo kila ukurasa wa pili utasimama juu chini. Steplaa ya kawaida haifiki katikati: toboa matundu matatu kwenye mkunjo, shona kwa sindano na uzi. Nakala tano zinatosha kuanzia, moja ya maktaba ya shule na nne za kuzunguka majumbani, kila mmoja akiandika maoni yake kwenye ukurasa wa mwisho kabla ya kupitisha.